Mwosha Rimu wa Jang'ombe

Nianze na langu, maana nikianza na lake nitajificha humo humo. Mtu ninayemweleza hapa nilimtwika lawama isiyokuwa yake, akaibeba miaka minne, na miaka yote hiyo nikawa namwamkia "Shikamoo, Ami," naye akaniitikia "Marahaba, mwanangu" kwa moyo mkunjufu. Jina lake liliharibika kwa ajili yangu, na mtu yule hakuwa na kitu kingine cha kujivunia isipokuwa jina hilo. Kila nikikaa kuyaandika haya nainuka, nafungua dirisha, nachemsha chai nisiyoinywa. Leo nimekaa. Nisipoinuka kabla ya adhuhuri nitakuwa nimefika mbali.

Sisi madereva tulimwita mwosha rimu, hivyo tu. Walikuwapo wakorofi waliomkumbusha kwamba mwosha huoshwa, naye akawajibu kuwa siku yake ikifika wamuoshe kwa mkono mwororo, wasimsugue kwa makumbi ya nazi. Kazi yake ilikuwa magurudumu manne ya gari, basi. Bodi hakuigusa. Ukitaka gari zima lioshwe alikuonesha njia ya kwa wenzake, huko mbele, ambako vijana humwaga povu mpaka barabarani. Yeye alikuwa Jang'ombe, kwenye kipande cha sakafu ya saruji ubavuni mwa nyumba yake, penye mfereji mmoja, ndoo mbili na ukingo wa ukuta alikopanga chupa zake. Mimi nilikuwa, na bado niko, dereva wa gari la watalii. Nawachukua wageni pembeni mwa Mji Mkongwe, maana vichochoroni gari haliingii, nawapeleka Jozani, nawapeleka pwani ya mashariki, nawarejesha. Tajiri mwenye gari alitaka rimu zing'ae. Ndivyo nilivyomjua Ami.

Siku ya mwanzo alipitisha kidole kwenye rimu ya mbele, akaninyooshea. Kidole kilikuwa cheusi tititi.

"Hichi unakijua ni nini?"

"Uchafu wa njia, Ami."

"Uchafu wa njia mwekundu, au mweupe. Huu mweusi ni breki yako. Ukikanyaga, pedi inajisugua na diski, inalika. Kinacholika hakipandi mbinguni. Kinarukia hapa, kina moto, kinang'ata. Umeniletea breki yako n'kukoshee."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza, huku akizunguka gari kana kwamba anatafuta mlango, kwamba vumbi lile lina chembe za chuma, na kisiwa chetu kina chumvi hewani, na chuma na chumvi hawajapata kukaa nyumba moja kwa amani. Ukiliacha wiki, linatoka kwa maji na sabuni. Ukiliacha mwezi, linaota kutu ndani ya rangi ya rimu, na hapo utasugua mpaka mkono ukatike. Wale wenye haraka hukimbilia tindikali ya betri, au ndimu kama wanavyosugulia njumu za shaba za milango ya kizamani, rimu ikatoka nyeupe siku ile na baada ya miezi miwili ikawa na mabaka. Wakimletea rimu hizo aliziangalia kwa huzuni ya kweli, halafu akawatukana wenyewe.

Alikuwa na ulimi mchungu, nisimpake mafuta. Watu wakifa huwa tunawafanya malaika, na huyu hajafa. Alikuwa mjuba, mpekuzi, na haraka kwake ilikuwa ni tusi. Ukifika na gari limetoka safari hakulimwagia hata tone. Alisogeza mgongo wa mkono karibu na gurudumu, kama mama anayepima moto wa chuma cha mikate, akasema, "Ipoe kwanza."

"Ami, nna wageni hoteli saa tatu."

"Wageni wako sitawakosha mimi. Ipoe."

Diski ya moto ukiimwagia maji baridi hupinda, na sabuni hukaukia kwenye rimu ikaacha madoa. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilikuwa natembea kwenda na kurudi kwenye ile sakafu, nachungulia saa, nachezea funguo, na yeye anazidi kuniudhi kwa sababu na yeye alikuwa hatulii. Usidhani alikuwa mzee wa kukaa kitako akavuta uradi. Alihamisha ndoo, akairejesha pale pale. Aliining'iniza brashi, akaishusha. Tulikuwa watu wawili tunaozunguka gari moja, kila mmoja na wasiwasi wake, na hakuna aliyemtuliza mwenzake.

Ikishapoa, mambo yake yalikuwa na mpango ambao hakuubadilisha kwa mtu. Kwanza maji matupu, ili mchanga uondoke wenyewe usije ukasugua rangi. Halafu sabuni laini, si ya unga, kwa dodoki kuukuu lililokwisha makali. Mswaki kwa mashimo ya nati. Ndoo moja ya sabuni, ndoo moja ya kusuuzia, na kitambaa cha gurudumu hakikugusa bodi hata gari likiwa lake mfalme. "Kitambaa cha mguu hakipandi usoni," alikuwa akisema. Halafu akaikausha rimu mpaka ndani ya tundu, akachukua nta ya maji aliyoitia katika chupa, akaipaka nyembamba kwa kitambaa alichojifunga kidoleni, akaiacha, akaifuta, akapaka tena. Kazi yote ilikuwa kwa ajili ya nta ile. Vumbi la breki huwezi kulizuia lisije, alisema, utalizuia lisihamie. Rimu yenye nta, vumbi linakaa juu juu, na wiki ya pili ukilimwagia maji linaaga.

Lakini rimu za nta hazing'ari kwa kupiga kelele. Zina mng'aro wa chini, wa adabu. Madereva vijana walimwomba atie mafuta kidogo, zimetamete. Hapo ndipo alipokuwa mkali kupita kiasi.

"Mafuta yatang'ara siku moja, yatakusanya vumbi mwezi mzima. Na yakishuka kwenye diski, breki huna. Gurudumu si kichwa cha bibi arusi. Anotaka mafuta aende kwengine."

Maneno haya tuliyasikia sote. Niliyasikia mimi zaidi ya mara ishirini.

Alizisoma rimu, na kusoma kwake kulimletea balaa. Mwenzetu mmoja alimwambia mkewe kwamba siku nzima alikuwa Jozani na wageni. Kesho yake wakapita Jang'ombe wote wawili, mke amekaa mbele. Ami akachuchumaa, akagusa ndani ya rimu, akasema kwa sauti ya mtu anayesifu hali ya hewa, "Ah, jana ulikuwa pwani. Jozani hakuna mchanga mweupe hivi." Yule bwana alilala kwa kaka yake siku tano. Alipokuja kumlaumu, Ami hakuomba radhi hata kidogo. "Mie nimesoma rimu," alisema, "sikusoma ndoa."

Kwengine kusoma huko kuliokoa watu, na mmoja wao ni mimi. Nilimpelekea gari siku moja nikiwa na furaha, maana gurudumu moja la mbele lilikuwa safi, jeupe, na matatu mengine meusi kama kawaida. Nilidhani nta yake imefanya maajabu. Nikamwambia, "Ami, hili halishiki vumbi tena." Alichuchumaa pale muda mrefu. Aliposimama alikuwa amekasirika.

"Hili ni safi kwa sababu halifanyi kazi. Breki ya huku imekufa. Peleka gereji, sikoshi."

"Kesho asubuhi nna safari ya Jozani."

"Ndiyo nimekwambia peleka leo."

Fundi alifungua akakuta pistoni ya breki imeganda kwa kutu, haisukumi chochote. Kesho yake, kwenye barabara ya Jozani, nikiwa na familia ya wageni na watoto watatu nyuma, kima punju aliruka kutoka kwenye matawi akatua katikati ya lami, na mwengine akamfuata na mwanawe kifuani. Nilikanyaga. Gari likasimama sawasawa, halikuvuta upande wowote. Wageni wakapiga picha, wakacheka, wakanipongeza kwa kuwasimamisha mahali pazuri. Mimi sikuondoa mguu kwenye breki. Nilirudi nikamsimulia Ami, nikidhani atafurahi. Aliniuliza kama nilikanyaga kwa ghafla, nikamwambia ndiyo, akasema basi nimemletea vumbi jengine.

Na mtu huyo huyo alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Aliisimamisha kwa kukandamiza kandambili kwenye mpira wa mbele, mtelemko wowote ule, na watu wakimkimbia. Tukimcheka alijibu, "Haina breki, kwa hiyo haina vumbi." Gari hakupenda kupanda. Alikwenda mjini kwa miguu, kurudi kwa miguu, na njiani hakulipita gari lililoegeshwa bila ya kuinama. Nimemwona mazikoni, watu wamekaa wanasubiri jeneza litoke, yeye anazunguka magari ya jamaa wa maiti anagusa rimu moja moja. Nimemwona anafukuzwa na dereva wa mkubwa mmoja, kwa kuwa amechuchumaa pembeni mwa gari lenye bendera. "Kushoto mbele pedi imekwisha," alimwambia yule dereva huku akiondoka, na dereva akamwita mwendawazimu. Baada ya siku tatu dereva yule yule alikuja Jang'ombe kuuliza nyumba ya mwendawazimu iko wapi.

Ukali wote huo uliishia mlangoni mwake. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akipika mafuta ya nazi na kuyauza mtaani katika chupa za maji zilizokwisha kutumika, na jioni Ami ndiye aliyemkunia nazi. Lakini kwanza ilibidi aoneshe mikono. Bi Zuwena aliishika, akaitazama kucha kwa kucha, akamrudisha mferejini, mara mbili, mara tatu. Ule weusi wa breki haukutoka kwenye kucha zake, na nadhani ndiyo maana msikitini alichelewa kila sala, yuko kwenye udhu anasugua. "Nazi haziniamini," alikuwa akituambia, na wakati huo tu ndipo tulipoyaona meno yake. Chupa za mkewe na chupa zake zilifanana. Zake aliziweka ukingoni nje, za mkewe zilikuwa dirishani, hatua mbili kutoka pale.

Sasa nifike kwenye arusi, ilikozaliwa ile lawama.

Tajiri wangu alitoa gari lake jeupe limchukue bibi arusi aliyekuwa jamaa yake, na mimi nikawa dereva. Siku moja kabla nilipeleka kwa Ami magari manne ya msafara. Alichukua siku nzima. Aliyamaliza, akanishika mkono wa shati. "Usiguse. Kesho futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi." Nikamwambia inshallah.

Asubuhi, nyumba ya arusi, mpiga video alinyanyua kamera akaishusha. Akasema gari limependeza lakini rimu zimefifia, hazitoi mwangaza. Waliokuwapo wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimevaa shati jipya na suruali ya pasi, na nikaona haya kupita kipimo cha jambo lenyewe. Nyumba ya arusi haikosi mafuta ya nazi. Niliomba kikombe, nikalowesha kitambaa, nikakipitisha kwenye rimu za mbele, na ndani ya tundu zake, mpaka zikatema mwanga. Kitambaa kilikuwa kimelowa mno. Niliyaona mafuta yakichuruzika kwenye diski. Niliyaona kwa macho yangu, nikachukua kitambaa kile kile chenye mafuta nikayafuta, nikajiambia yamekwisha. Mpiga video akasema, "Hapo sawa."

Msafara ulikwenda polepole, honi na vigelegele, beni la matarumbeta mbele juu ya pikapu. Kwenye makutano Vespa moja ilikatiza. Nikakanyaga breki, na gari likaendelea kwenda. Nilikanyaga mpaka nikainuka kitini. Tulipiga ukuta wa duka. Bibi arusi hakuumia, lakini mama yake mdogo aliyekaa pembeni yake alivunjika kifundo cha mkono, na sauti aliyoitoa naisikia mpaka leo nikifunga mlango wa gari kwa nguvu. Beni halikujua. Liliendelea kupiga mpaka likapotea kwenye kona.

Fundi alifungua magurudumu pale pale, mbele ya tajiri na wajomba wa bibi arusi. "Diski zina mafuta," alisema. "Nani kayashika magurudumu haya?"

Nilijua kwamba nikisema, kazi sina, na labda leseni sina. Nikajibu, "Mwosha rimu wa Jang'ombe. Jana." Kila neno lilikuwa kweli. Hakuna uongo niliopata kuusema maishani mwangu unaofika nusu ya ukweli ule.

Tukaenda kwake, tajiri, mjomba mmoja, fundi na mimi nyuma yao. Walimwambia lililotokea. Nilimngoja awatukane, kwa jinsi ninavyomjua. Hakutukana. Aliuliza kama kuna aliyekufa. Kisha akatazama chupa zake ukingoni, akatazama za mkewe dirishani, akainua moja akainusa, akainua nyengine akainusa, akazirejesha. Akasema, "Mwambieni mgonjwa nnakuja kumtazama." Wao wakaliona hilo ni kukiri. Mimi nikaona amenijua, na kwamba ananidharau kiasi cha kutotaka hata kunitaja. Nilikwenda kukaa garini.

Tangu hapo akaitwa Mzee Mafuta. Yeye, aliyemfukuza kila aliyetaja mafuta. Madereva walimwambia kwa utani, halafu bila utani, halafu wakaacha kwenda. Hata chupa za Bi Zuwena zilianza kurudi dirishani jioni, maana watoto wa mtaa waliwauliza wanunuzi kama wanakwenda kupika au kugonga ukuta. Sakafu ilikauka. Ami aliendelea kutembea mjini kwa miguu, lakini magari aliyapita. Mikono ameifunga nyuma, macho mbele. Nilimwona siku moja anapita kati ya safu mbili za magari bila ya kuinama hata mara moja, na nikageuza njia ili asinione.

Labda mtu ataniuliza kwa nini sikusema baadaye, moto ulipopoa. Nilikuwa na njia yangu, na ni njia ambayo wengi wetu huku tunaijua. Mwisho wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, watu huombana radhi. Unapita nyumba hadi nyumba, unampa mtu mkono, unasema nisamehe niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua, naye anasema nimekusamehe, nawe nisamehe. Hakuna anayeuliza umenikosea nini. Ni ada nzuri, na mimi niliitumia kama mwizi anavyotumia mlango wa nyuma. Mwaka wa kwanza nilikwenda, nikaisema ile kauli kwa sauti iliyotulia, nikatia moyoni nia ya jambo langu.

"Nshakusamehe, mwanangu," alisema, akaushikilia mkono wangu. "Na weye nisamehe. Hasa weye."

Hilo "hasa weye" lilinikata. Nilidhani ni kijembe. Nikatoka nikijiambia nimesamehewa, kauli imetoka kinywani mwake, Mungu shahidi. Usiku ule sikula vizuri wala sikulala, na wa pili yake hivyo hivyo. Mwaka wa pili nikaenda tena, maneno yale yale, na yeye yale yale. Mwaka wa tatu tena. Mara tatu nimepewa msamaha, na mara tatu nimetoka pale na mzigo ule ule, umezidi kidogo.

Mwaka huu Shaabani ilipokaribia kwisha sikuweza. Nilijua nikifika nitaisema tena ile kauli, na nitapewa, na nitarudi. Kwa hiyo nilikwenda mapema, siku ya kawaida, baada ya alasiri. Gari nililiacha nyumbani.

Bi Zuwena alinifungulia, akanikaribisha kama mtoto wa nyumba. Ami alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefanyiwa upasuaji wa jicho moja, lile la pili bado lina ukungu. Kulikuwa na kikombe cha kahawa mbele yake, na kabla hajakiinua alikigusa kwa vidole pande zote, polepole. Nikamwamkia. Akaniuliza habari za watoto, za wageni, za kima wa Jozani. Za rimu hakuuliza. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yenye mwanzo na sababu ndani yake, na yote yakanikimbia.

"Ami, mafuta ya siku ile ya arusi nlitia mimi."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Asubuhi, pale pale nyumba ya arusi. Nlipaka rimu za mbele zing'are. Weye ulinikataza. Yakashuka kwenye diski, nkayaona, nkaendesha."

Mlangoni palikuwa na kuku, akaingia, akatoka.

"Si chupa yangu?" aliuliza.

Sikumfahamu. "Chupa gani, Ami?"

"Mie jicho lilikuwa lishaanza kuingia ukungu. Mlipokuja siku ile nkazinusa, zote zinanuka nazi, nyumba nzima inanuka nazi. Nkajua basi, nimechukua chupa ya Bi Zuwena, nimempaka mtu mafuta kwenye breki. Kwa mkono wangu huu. Nusra nkuue weye, na bibi arusi wa watu." Akanitazama kwa lile jicho zima. "Si mkono wangu?"

"Si mkono wako. Wala si chupa yako. Nta yako ilikuwa nta."

Miaka minne nilidhani ananijua na ananistiri kwa dharau. Kumbe alinidhania wema ambao sikuwa nao: kila mwisho wa Shaabani mtu yule alikuwa akiniomba radhi mimi, kwa kweli, kwa kosa langu. Sikumharibia jina peke yake. Nilimfanya aiogope mikono yake mwenyewe. Machozi yalinitoka, na nikaanza kusema, "Ami, nisamehe..."

Alinyanyua kiganja.

"Hilo liwache. Hilo ushalisema mara tatu." Halafu akaita, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu enzi za "Ipoe kwanza", "Bi Zuwena!"

"Naam!"

"Njoo usikie."

Bi Zuwena alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Ami akanielekezea kidevu. "Mwambie."

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini taratibu, akasema, "Na chai yangu ukanywa. Kila mwaka ukanywa." Ningeona afadhali anitukane. Ami alikuwa ameshasimama. Anatafuta kandambili, hazioni, akatoka peku.

"Twende."

"Wapi, Ami?"

"Twende tu."

Alitangulia, mimi nyuma, mpaka kwenye kona wanapokunywa kahawa madereva, wale wale waliompa lile jina. Walikuwapo kama kumi, wengine wanacheza karata. Mmoja akasema kwa mazoea, "Karibu, Mzee Mafuta," akasogea kumpa nafasi ya kukaa. Ami hakukaa. Alinisukuma bega nikasimama mbele yao.

"Huyu ana neno."

Nikalisema. Nilianzia kwenye kikombe cha mafuta na nikaishia kwenye yale maneno niliyomjibu fundi. Karata zilisimama. Yule aliyemkaribisha alitazama chini. Nilikuwa nimegeuka niondoke Ami aliponishika mkono wa shati. Mwisho wa benchi palikuwa na mzee mmoja, ameinama anasikiliza redio ndogo sikioni.

"Ngoja, yule hajasikia," alisema Ami. "Yakhe, zima redio. Sema tena."

Nikasema tena.